Takwimu Sahihi, Slaidi Inayosomeka: Matumizi ya Kompyuta katika Taarifa za Huduma kwa Wananchi

Mada iliyotolewa kwa wakuu wa idara na vitengo, watendaji wa kata na watendaji wa vijiji katika kikao kazi cha maandalizi ya taarifa za robo mwaka

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo, kwa sehemu kubwa, limehamia ndani ya kompyuta. Makusanyo ya ushuru wa mazao, idadi ya wanafunzi wasio na madawati, vikundi vilivyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, dawa zilizopokelewa katika zahanati: yote haya huandikwa kwanza katika jedwali, kisha hufupishwa katika slaidi, na hatimaye huoneshwa ukutani mbele ya kamati za kudumu na Baraza la Madiwani. Hapo ndipo uamuzi hutolewa. Mheshimiwa Diwani hana nafasi ya kufungua faili na kukagua fomula. Anachokiona ukutani ndicho anachokijadili, na ndicho anachokwenda kuwaeleza wananchi wa kata yake.

Mada hii haikusudii kufundisha kompyuta tangu mwanzo. Inakusudia kuonesha jambo moja: makosa yanayoumiza zaidi katika taarifa zetu ni yale ambayo kompyuta haiyatolei onyo lolote, na karibu kila kosa la namna hiyo lina kinga inayochukua dakika chache tu.

KOSA LISILOPIGA KELELE

Kompyuta haihukumu, hutii. Ikiambiwa ijumlishe mistari 14 wakati kata ni 15, itajumlisha mistari hiyo 14 bila kukosea, na itatoa jibu lisilo sahihi. Jibu hilo litakuwa na koma mahali pake, litakolezwa wino, na litaonekana kuwa na heshima zote za takwimu ya kweli.

Mwaka 2020, nchini Uingereza, mamlaka iliyosimamia takwimu za UVIKO-19 ilibaini kwamba watu 15,841 waliokutwa na maambukizi kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba hawakuingizwa katika hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa katika aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo haibebi zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipojaa, majibu yaliyosalia yaliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa kwa siku kadhaa, katika maradhi ambayo kila siku ilikuwa na uzito wake.

Mfano wa pili unawahusu wanazuoni. Wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha mwaka 2010 uchambuzi kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, na viongozi wa nchi kadhaa wakautumia katika mijadala ya bajeti. Mwaka 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alilipata jedwali lao la awali. Miongoni mwa kasoro alizozibaini ilikuwamo fomula ya wastani iliyoziacha nchi 5 kati ya 20. Wachumi hao walikiri kosa hilo la fomula, ingawa waliendelea kuutetea msimamo wao wa jumla.

Ikiwa kosa la namna hii limewapata watu wenye mafunzo na vifaa vya kiwango hicho, hakuna sababu ya mtendaji wa kata kuona haya kulikagua jedwali lake mara mbili.

NAMBARI AMBAZO SI HESABU

Kosa la kwanza la kujihadhari nalo linahusu nambari za utambulisho. Nambari ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Excel, kwa upande wake, hutunza tarakimu 15 tu za nambari yoyote. Zinazozidi huzigeuza sifuri. Mtumishi akiiandika nambari ya NIDA bila vistari katika seli ya kawaida, kwanza ataona umbo geni lenye herufi E ndani yake. Akibadili muundo wa seli ili nambari ionekane nzima, tarakimu 5 za mwisho zitakuwa zimekwisha kuwa sifuri. Hazirudi tena. Kompyuta haikuzificha, haikuzihifadhi kabisa, na njia pekee ya kuzipata ni kurudi kwenye karatasi au kwa mwenye kitambulisho.

Madhara yake si madogo. Orodha ya wanakikundi walioomba mkopo ikiwa na nambari za namna hiyo, uhakiki hautafanikiwa, na ombi litarudishwa. Mama aliyetembea kutoka kijijini kuleta nakala ya kitambulisho chake ataambiwa kwamba taarifa zake hazilingani, ilhali karatasi aliyoileta haikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilizaliwa ofisini, mikononi mwa aliyepiga chapa.

Nambari za simu nazo hupatwa na jambo linalofanana na hilo. Simu inayoanza na 07 au 06 ikiandikwa katika seli ya kawaida hupoteza sifuri ya mwanzo. Nambari ya akaunti ya benki inayoanza na sifuri hupatwa vivyo hivyo, na malipo yanaweza kukwama kwa sababu hiyo.

Kinga ni nyepesi, ila sharti itangulie uandishi. Kabla ya kuingiza taarifa, mtumishi achague safu nzima, abofye kitufe cha kulia cha kipanya, afungue "Format Cells", kisha achague "Text". Njia nyingine ni kuanza kila nambari kwa alama ya ritifaa ('), ambayo haitaonekana katika chapa. Kanuni ya kukumbuka ni hii: nambari ambayo haitajumlishwa wala kuzidishwa kamwe ni jina, si hesabu, iandikwe kama maandishi.

HESABU ZILIZOGEUKA MAANDISHI

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Mazoea yetu ya kuandika fedha kwa mkono ni kumalizia na alama ya /=. Katika stakabadhi alama hiyo huzuia mtu asiongeze tarakimu mbele ya kiasi, na ni desturi njema. Katika jedwali la kompyuta, alama hiyo hiyo huigeuza fedha kuwa maandishi, na fomula ya SUM huyaruka maandishi kimyakimya.

Chukueni mfano wa kubuni wa kata tatu. Ya kwanza imeandikwa 1,250,000. Ya pili imeandikwa 980,000/=. Ya tatu imeandikwa 2,100,000. Jumla ya kweli ni shilingi 4,330,000. Kompyuta itaonesha 3,350,000. Makusanyo ya kata ya pili hayatakuwamo katika jumla, ingawa yanaonekana wazi katika mstari wake. Mtendaji wa kata hiyo anaweza kutakiwa kueleza upungufu wa fedha ambazo alikwisha kuzipeleka benki.

Njia za kulitambua kosa hili ni mbili. Ya kwanza ni jicho: Excel, ikiachwa bila kurekebishwa, hupanga hesabu upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Kwa sababu hiyo si vyema kuweka safu ya fedha katikati kwa ajili ya urembo. Urembo huo huondoa onyo pekee lililokuwapo. Njia ya pili ni fomula ya COUNT, ambayo huhesabu seli zenye nambari tu. Kata zikiwa 15 na COUNT ikatoa 14, kuna kata moja ambayo fedha yake imeandikwa kama maneno. Alama ya shilingi iwekwe katika kichwa cha safu, "Kiasi (Sh)", na ndani ya seli zibaki tarakimu tupu.

TAREHE ZENYE MAANA MBILI

Kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Katika kompyuta ya namna hiyo, 03/04/2025, ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili, husomwa kuwa tarehe 4 Machi. Tarehe 25/04/2025 haiwezi kusomwa kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo huachwa kama maandishi. Orodha moja ya mapokezi ya vifaa inaweza basi kuwa na tarehe zilizogeuzwa na tarehe zisizotambuliwa, na kupanga orodha hiyo kwa kufuata tarehe kutaivuruga zaidi. Mtumishi akague mpangilio wa tarehe katika kompyuta yake, sehemu ya "Region", na katika taarifa inayosomwa na watu aandike jina la mwezi kwa herufi: 3 Aprili 2025. Maandishi hayo hayana tafsiri mbili.

FOMULA NA MISTARI ILIYOSAHAULIKA

Mara nyingi taarifa ya kata moja huchelewa na kuongezwa chini ya orodha siku ya mwisho. Jumla iliyokuwa imekwisha kuandikwa huenda isiufikie mstari huo mpya. Mtumishi asimame juu ya seli ya jumla na kubonyeza F2. Kompyuta itazungushia rangi mistari yote inayojumlishwa. Mstari ulio nje ya rangi haumo katika hesabu. Njia ya kudumu zaidi ni kuigeuza orodha kuwa jedwali rasmi kwa kubonyeza Ctrl na T pamoja. Mstari unaoongezwa ndani ya jedwali la namna hiyo huingia wenyewe katika jumla.

Kuna pia mistari iliyofichwa. SUM hujumlisha hata mistari isiyoonekana. Mtumishi akichuja orodha ili zibaki shule za msingi tu, jumla iliyoandikwa kwa SUM itaendelea kubeba na shule za sekondari. Anayetaka jumla ya mistari iliyobaki baada ya kuchuja atumie fomula ya SUBTOTAL, ambayo katika umbo lake la kujumlisha huanza na tarakimu 9 kabla ya kutaja seli.

Mwisho katika sehemu hii, mbinu ya wahasibu wa zamani haijazeeka: jumlisha kwa njia mbili. Jumla ya makusanyo kwa kata na jumla ya makusanyo kwa vyanzo vya mapato lazima zilingane. Zisipolingana, hata kwa shilingi moja, taarifa haijawa tayari kwenda mbele ya kamati.

SLAIDI IBEBE UJUMBE, ISIUFICHE

Ndugu washiriki, hesabu ikiwa sahihi bado inaweza kupotea katika safari ya kutoka kwenye jedwali hadi ukutani.

Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilirushwa, na kipande cha povu la kukinga joto kikachomoka na kuligonga bawa lake la kushoto. Kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa viongozi kwa njia ya slaidi. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha habari kilichosomeka kama cha kuliwaza. Chini yake kulikuwa na vipengele ndani ya vipengele, na katika mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ndimo kulimokuwa na jambo zito: kipande kilichokigonga chombo kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyotumika katika majaribio, kwa hiyo majaribio hayo hayakuweza kutegemewa. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 walifariki dunia. Sababu za ajali zilikuwa nyingi. Hata hivyo, bodi iliyoichunguza iliona inafaa kuieleza slaidi hiyo katika ripoti yake, ikisema kwamba ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi wa ngazi ya juu angeweza kuisoma bila kutambua kuwa inazungumzia hatari ya maisha.

Katika halmashauri hatupeleki watu angani, lakini tunapeleka dawa, maji na walimu. Mafunzo ya slaidi ile yanatuhusu, na yanaweza kutajwa kwa ufupi.

Kichwa cha slaidi kiwe sentensi inayosema jambo. "Hali ya huduma ya maji" ni jina la mada tu. "Vijiji 4 kati ya 12 havina kituo cha maji kinachofanya kazi" ni taarifa, na mjumbe aliyefika akiwa amechelewa ataielewa bila kuuliza. Jambo linalohitaji uamuzi liwe juu, kwa herufi kubwa kuliko yote. Kama kuna upungufu, usitupwe katika kipengele cha saba baada ya mafanikio sita.

Slaidi moja ibebe hoja moja. Jedwali lenye safu 15 lisipachikwe ukutani, kwa kuwa halisomeki hata na aliyeketi mstari wa mbele. Jedwali kamili liwekwe katika kabrasha la wajumbe. Ukutani ziende nambari tatu: lengo, kilichofikiwa, na asilimia. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 24. Kipimo cha uhakika ni kusimama nyuma ya ukumbi kabla wajumbe hawajaingia: kisichosomeka kutoka pale hakijawasilishwa.

Rangi zitumike kwa kiasi. Projekta nyingi hufifisha rangi, na maandishi ya njano juu ya weupe hupotea kabisa ukumbini mwenye mwanga. Nyekundu na kijani zisiachwe peke yake kutofautisha kilichofanikiwa na kilichoshindikana, kwa sababu wapo watu wasioweza kuzitofautisha rangi hizo. Liongezwe neno au alama. Na chati ya nguzo ianzie sifuri. Nguzo zikianzia asilimia 80, tofauti kati ya kata yenye asilimia 84 na yenye asilimia 88 itaonekana ni ya maradufu, na kata moja itasutwa kwa tofauti ya asilimia 4.

UKUMBINI

Mtoa taarifa afike ukumbini angalau nusu saa kabla ya kikao. Kompyuta mpakato mpya nyingi hazina tundu la waya wa zamani wa projekta. Kiunganishi kijaribiwe mapema, si wakati Mheshimiwa Mwenyekiti amekwisha kufungua kikao. Picha isipotokea ukutani, kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi P huleta machaguo manne. "Duplicate" huonesha ukutani kile kile kilichopo katika kompyuta. "Extend" huuacha ukuta na slaidi peke yake, huku mtoa taarifa akiona katika kompyuta yake maelezo aliyojiandikia, saa, na slaidi inayofuata. Anayetumia nafasi hiyo halazimiki kuligeukia ukuta na kuwasomea wajumbe yale wanayoweza kuyasoma wenyewe.

Vitufe vichache huokoa muda mwingi. F5 huanzisha onesho tangu slaidi ya kwanza. Shift pamoja na F5 huanzia slaidi iliyofunguliwa. Mjumbe akiomba kurudi kwenye slaidi ya 9, mtoa taarifa aandike 9 na kubonyeza Enter, badala ya kurudi nyuma moja moja huku ukumbi mzima ukitazama. Kwa ajili hiyo kila slaidi iwe na nambari. Herufi B huufanya ukuta uwe mweusi pale mjadala unapohitaji watu watazamane badala ya kutazama picha. Ikibonyezwa tena, slaidi hurejea.

Maandalizi ya dharura nayo ni sehemu ya kazi. Faili liwe katika kompyuta, katika flashi, na katika barua pepe ya ofisi. Liwepo pia katika muundo wa PDF, kwa kuwa PDF haibadili sura ikifunguliwa katika kompyuta nyingine, ilhali slaidi zilizoandikwa kwa aina ya herufi isiyokuwapo katika kompyuta ile zinaweza kuvurugika. Betri ijazwe. Na umeme ukikatika, kabrasha liendelee na kikao: mtoa taarifa anayeijua taarifa yake huweza kuieleza kwa kutaja ukurasa, bila projekta.

TAARIFA BINAFSI ZA WANANCHI

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inahusu ofisi za umma kama inavyohusu kampuni binafsi. Orodha yenye majina, nambari za vitambulisho, simu, au hali za afya za wananchi si ya kuoneshwa ukutani mbele ya watu wanaopiga picha kwa simu zao. Ukutani ziende jumla.

Hapa upo mtego ambao wengi hawaufahamu. Kuficha safu katika Excel hakuziondoi taarifa. Yeyote atakayelipokea faili anaweza kuifichua safu hiyo kwa kubofya mara mbili tatu. Tena, chati iliyonakiliwa kutoka Excel na kubandikwa katika slaidi inaweza kubeba ndani yake faili zima la takwimu. Mtu anayetumiwa slaidi hizo akiifungua chati, ataikuta orodha yote ya majina nyuma yake. Chati ibandikwe kama picha, na nakala ya kugawa iwe PDF iliyotokana na slaidi zenyewe. Safu zisizohitajika zifutwe katika nakala ya kugawa, zisifichwe.

Vilevile, kabla ya kuunganisha kompyuta na projekta, mtoa taarifa afunge barua pepe na WhatsApp na azime arifa. Ujumbe kuhusu ugonjwa wa mtumishi au madeni ya familia ukitokea ukutani, hakuna kitufe kinachoweza kuwafanya wajumbe wausahau. Na kila anayeondoka mezani pake abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L. Kompyuta itajifunga, na jedwali halitaachwa wazi kwa kila apitaye.

KUTUNZA KUMBUKUMBU

Faili lenye jina "taarifa final", lenzake "taarifa final mpya", na la tatu "taarifa final kabisa" ni chanzo cha kuwasilisha toleo lisilo sahihi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-10-14, kisha idara na mada. Mafaili ya namna hiyo hujipanga yenyewe kwa tarehe, na la karibuni hutambulika bila mabishano. Wakati wa kuandika, Ctrl na S zibonyezwe mara kwa mara. Programu hujitunzia nakala ya dharura, kwa kawaida kila dakika 10, lakini dakika 10 za kazi ya usiku si chache. Flashi inayotoka nje ya ofisi ikaguliwe virusi kabla ya kufunguliwa.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, kabla taarifa yoyote ya robo mwaka haijawasilishwa, anayeiandaa ajiulize maswali matano. Je, nambari za vitambulisho, simu na akaunti zimeandikwa kama maandishi na ziko kamili? Je, COUNT inalingana na idadi ya kata, vijiji au vituo vinavyotakiwa kuwamo? Je, jumla imepatikana kwa njia mbili na imelingana? Je, jambo linalohitaji uamuzi linasomeka kutoka nyuma ya ukumbi? Je, faili linalogawiwa halina taarifa za mtu zisizopaswa kutoka?

Maswali haya hayahitaji kompyuta mpya wala bajeti ya ziada. Yanahitaji mtumishi wa pili, asiyeiandaa taarifa ile, akae nayo kwa robo saa na kuipitia. Mwenye kuandika huyaona anayoyatarajia. Mgeni wa jedwali huyaona yaliyomo. Idara na zijiwekee utaratibu huo, na isiwe ni dalili ya kumshuku mwenzetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa jedwali huzibwa siku ile ile unapoonekana.

Mwananchi wa kijiji cha mbali hataliona jedwali wala slaidi. Ataona kama madawati yamefika, kama kisima kimetengenezwa, kama jina la kikundi chake limo katika orodha. Yeye ndiye msomaji wa mwisho wa kila seli tunayoijaza, na kwa ajili yake seli hiyo ijazwe kwa usahihi.